RSI na OBV zikikubaliana, nani kamthibitishia nani?

Nikiwa mwaka wa tatu wa shahada ya kwanza, mshikaji niliyekuwa nakaa naye hosteli aliingia chumbani saa tano usiku, akakaa kitandani bila kuvua viatu. Bumu lilikuwa limeingia siku tisa nyuma. Zaidi ya nusu yake alikuwa ameiweka kwenye akaunti ya kutredi, euro dhidi ya dola, na usiku ule akaunti ilikuwa imeungua. Sikumuuliza ni kiasi gani. Yeye ndiye aliyevunja ukimya, na alichosema wala hakikuhusu hela.

"Kaka, zilikubaliana zote mbili. RSI ilipanda, OBV ikapanda. Nikaona hii sasa ni ya uhakika, nikaongeza loti."

Sentensi hiyo imenikaa kichwani mpaka leo, na sasa nasoma takwimu. Kwa hiyo leo simhakiki rafiki yangu. Nahakiki somo alilofundishwa, ambalo utalikuta kwenye video, kwenye makundi ya WhatsApp na kwenye kozi za kulipia: chukua kiashiria cha kasi ya bei, tafuta kiashiria cha voliumu kikithibitishe, vikikubaliana ingia. Linasikika kama sayansi. Hata mahakamani, mashahidi wawili ni bora kuliko mmoja.

Hoja yangu ni hii: katika mchanganyiko unaofundishwa sana, shahidi ni yule yule mmoja, ila amevaa koti jingine na kuitwa tena kizimbani. Na pale ambapo voliumu kweli ina la kusema, inasema kitu tofauti na somo hilo.

Somo lenyewe

Tuanze na kasi. RSI ilitolewa mwaka 1978 na J. Welles Wilder, Mmarekani aliyesomea uhandisi wa mitambo. Unachukua siku kadhaa, kwa kawaida 14, unalinganisha wastani wa kupanda kwa bei na wastani wa kushuka kwake, kisha jibu unaliweka kwenye mizani ya 0 hadi 100. Ikizidi 50, kupanda kumeshinda kushuka. Ikifika 70 husemwa imenunuliwa kupita kiasi, ikishuka chini ya 30 husemwa imeuzwa kupita kiasi. Zingatia jambo moja: malighafi yake ni bei peke yake.

Sasa voliumu, yaani idadi ya hisa zilizobadilishana mikono. Mwaka 1963 Joseph Granville, naye Mmarekani, alichapisha kitabu kilichoitangaza OBV. Kanuni yake ni nyepesi kiasi kwamba unaweza kuifanya kwenye daftari. Bei ya kufunga leo ikiwa juu ya ya jana, jumlisha voliumu yote ya leo. Ikiwa chini, toa yote. Ikiwa sawa, acha ilivyo.

Swali la Granville lilikuwa zuri, na tumpe haki yake. Bei ikipanda, inakuambia imefika wapi, haikuambii ni watu wangapi walioipandisha. Hisa kumi zilizouzwa kwa bei ya juu na hisa milioni zilizouzwa kwa bei hiyo hiyo zinaonekana sawa kwenye chati ya bei. Ni kama kusikia spika za mkutano wa hadhara ukiwa mbali: kelele ni kubwa, lakini je, viti vina watu? Granville alitaka kuhesabu viti. Tatizo ni jinsi alivyovihesabu.

Shilingi moja, hisa mia tisa

Chukua wiki moja ya hisa ya kubuni:

Jumatatu inafunga shilingi 1,000. OBV tunaianzia 0.
Jumanne inafunga 1,010, hisa 200 zimeuzwa. OBV ni 200.
Jumatano inafunga 1,005, hisa 500. OBV ni −300.
Alhamisi inafunga 1,006, hisa 900. OBV ni 600.
Ijumaa inafunga 1,006, hisa 400. OBV inabaki 600.

Tazama Alhamisi. Bei imepanda kwa shilingi moja tu, lakini hisa zote 900 zimeandikwa upande wa wanunuzi. Jumanne ilipanda shilingi kumi, ikapewa 200. Na kama Alhamisi ingefunga 1,004 badala ya 1,006, tofauti ya shilingi mbili, hizo hisa 900 zingehamia upande wa pili zote na OBV ingeishia −1,200.

Mwalimu wa kozi atakuambia Alhamisi "wanunuzi waliingia kwa nguvu". Jamani, hisa 900 zilinunuliwa na hisa 900 ziliuzwa. Kila aliyenunua alikuwa na aliyemuuzia. Voliumu yenyewe haina upande. Upande imepewa na bei ya kufunga. Alama ya kujumlisha au kutoa, ambayo ndiyo roho ya OBV, imetoka kwenye bei. Na RSI nayo imetoka huko huko.

Hapo ndipo mashahidi wetu wawili wanapoanza kutia shaka.

Mchezo wa sarafu mbili

Usiniamini kwa maneno, tufanye hesabu. Tengeneza soko la uongo kwa sarafu mbili. Ya kwanza inaamua bei: kichwa, bei inapanda shilingi moja, mkia, inashuka shilingi moja. Ya pili inaamua voliumu: kichwa, hisa 150, mkia, hisa 50. Sarafu hizi hazijuani. Katika soko hili voliumu haina habari yoyote kuhusu bei, na hakuna kiashiria duniani kinachoweza kutabiri kesho. Tumelijenga hivyo makusudi.

Sasa chora OBV ya soko hilo. Kila siku itapanda au kushuka kwa 50 au 150, na daima kuelekea upande ule ule wa bei. Ukipima uhusiano wa kitakwimu kati ya mabadiliko ya bei na mabadiliko ya OBV, kwa kipimo ambacho 0 maana yake hakuna uhusiano na 1 maana yake vinakwenda sawa kabisa, unapata 0.89. Njia yake ni fupi: wastani wa voliumu ni 100, wastani wa mraba wake ni 12,500, ambao kipeo chake cha pili ni karibu 111.8, gawa 100 kwa 111.8.

Tusogee kwenye ishara zenyewe. Chukua siku 14 za mchezo huu. Tuseme RSI, iliyokokotolewa kwa wastani wa kawaida, imeegemea upande mmoja, juu au chini ya 50. Je, OBV ya siku hizo hizo 14 itasemaje? Ukipiga hesabu ya uwezekano wote, itakubaliana na RSI takriban mara 89 kati ya 100. Itapingana nayo mara 4 tu. Mara 6 hivi zilizobaki itarudi pale pale ilipoanzia.

Soma tena hizo namba. Kwenye soko lisilo na ishara yoyote, "uthibitisho" utaupata karibu mara tisa kati ya kumi. Mtu anayefuata somo lile atakuwa anathibitishiwa kila wiki, na kila akithibitishiwa atajiona amefanya uchambuzi. Kesho yake sarafu itarushwa tena, nusu kwa nusu.

Utasema soko la kweli si sarafu. Sawa kabisa, ila tofauti yenyewe haimsaidii mwalimu wetu. Watafiti wa fedha wameonyesha kwa miaka mingi kwamba voliumu huwa kubwa siku ambazo bei imesogea sana, iwe juu au chini. Jonathan Karpoff alizikusanya tafiti hizo kwenye mapitio yake ya mwaka 1987. Sasa kama siku za mwendo mkubwa ndizo pia za voliumu kubwa, OBV inazidi kufanana na chati ya bei. Voliumu ikilingana moja kwa moja na ukubwa wa mwendo, OBV na bei zitakuwa mstari mmoja uliochorwa mara mbili.

Wapo wanaokimbilia Money Flow Index, iliyoanza kusikika mwishoni mwa miaka ya 1980. Hiyo ni fomula ya RSI yenyewe, ila kila siku imepewa uzito wa bei mara voliumu. Kuiweka chini ya RSI na kusema inaithibitisha ni sawa na kumuuliza mtu swali, halafu kumuuliza tena akiwa amevaa miwani.

Voliumu ya nani, hasa?

Rafiki yangu alikuwa na tatizo la ziada ambalo hakuna aliyemwambia. Alikuwa anatredi sarafu za kigeni, si hisa.

Hisa ina soko lake. Mwisho wa siku soko linatangaza idadi iliyouzwa, na namba hiyo ni moja kwa wote. Biashara ya papo kwa papo ya sarafu za kigeni haina soko moja la kati. Ni benki, madalali na mifumo mingi inayouziana duniani kote. Aprili 2022 Benki ya Malipo ya Kimataifa ilikadiria soko zima la fedha za kigeni kuwa dola trilioni 7.5 kwa siku. Hakuna daftari moja la kuziandika zote. Kwa hiyo ile "volume" unayoiona chini ya chati ya euro na dola kwenye simu yako kwa kawaida inahesabu bei imebadilika mara ngapi kwa broka wako. Fungua akaunti kwa broka mwingine, utaona namba nyingine kwa saa ile ile.

Sisemi hesabu hiyo ni takataka. Saa ambazo soko limechangamka, bei hubadilika mara nyingi zaidi, kwa hiyo inatoa picha fulani ya pilikapilika. Lakini "pesa kubwa imeingia", kama wanavyosema kwenye makundi, haimo humo. OBV iliyojengwa juu ya hesabu hiyo ni bei iliyojumlishwa na kutolewa kwa kutumia mabadiliko ya bei. Hapo hata koti la pili la shahidi ni la kuazima kwa shahidi wa kwanza.

Nyumbani kwenye hisa tuna shida ya upande wa pili. Soko la Hisa la Dar es Salaam lina daftari, ila kampuni kadhaa huweza kupitisha siku bila hisa hata moja kuuzwa. Kisha wawekezaji wawili wakubwa wanakubaliana, wanauziana mzigo mmoja mkubwa, na OBV inaruka kama ukuta. Wewe unaona "mkusanyiko", kumbe ni makubaliano ya watu wawili.

Voliumu ikiachwa iseme yenyewe

Je, basi yote ni uongo? Hapana, na hapa ndipo penye raha.

Kasi ya bei ni jambo la kweli katika takwimu. Mwaka 1993 Narasimhan Jegadeesh na Sheridan Titman walichunguza hisa za Marekani za 1965 hadi 1989. Ukinunua zilizofanya vizuri miezi sita iliyopita, ukauza zilizofanya vibaya, na ukashikilia miezi sita, ulipata takriban asilimia 1 kwa mwezi, kabla ya kutoa gharama. Hiyo ni kasi ya miezi. Chati ya dakika tano ni hadithi nyingine.

Mwaka 2000 Charles Lee na Bhaskaran Swaminathan wakaongeza voliumu. Tazama walivyoipima: idadi ya hisa zilizouzwa gawanya kwa hisa zote za kampuni zilizopo sokoni. Hakuna kujumlisha siku ya kupanda, hakuna kutoa siku ya kushuka. Voliumu imeachwa bila kuazima alama kutoka kwenye bei. Huyu sasa ni shahidi aliyelala nyumba tofauti.

Akasema nini? Kwanza, hisa zenye mzunguko mdogo kwa ujumla zilileta faida kubwa zaidi baadaye kuliko zenye mzunguko mkubwa. Pili, pengo kati ya washindi na walioshindwa lilikuwa pana zaidi kwenye hisa za mzunguko mkubwa, ila kwa sehemu kubwa ni kwa sababu walioshindwa wenye mzunguko mkubwa waliendelea kufanya vibaya. Tatu, na hii ndiyo inayoliumiza somo letu, washindi wenye kelele nyingi ndio waliogeuka mapema katika miaka iliyofuata. Washindi wa kimya walidumu.

Somo la mtaani linasema bei ikipanda na voliumu ikipanda, ni nguvu, ingia. Takwimu hizi, kwa upeo wa miezi na miaka, zinasema kelele juu ya mshindi huweza kuwa dalili kwamba karamu inaelekea ukingoni: kila mtu ameshasikia, kila mtu ameshanunua. Shahidi huru alipopewa nafasi, hakuwa tayari kutikisa kichwa tu. Alikuwa na maneno yake.

Na hata kasi hiyo ya kweli ina meno. Kati ya Machi na Mei 2009, soko la Marekani lilipogeuka, kundi la hisa zilizokuwa zimeshindwa vibaya lilipanda asilimia 163, la washindi asilimia 8 tu. Namba hizo ziko kwenye utafiti wa Kent Daniel na Tobias Moskowitz wa mwaka 2016. Aliyekuwa amenunua washindi na kuuza walioshindwa alipigwa ndani ya miezi mitatu.

Mapishi 840

Mwalimu wa kozi atajibu kwa silaha yake ya mwisho: picha. Tazama, RSI ya siku 9 na OBV yenye wastani wa siku 20, ingeleta faida hii mwaka uliopita.

Twende tena kwenye daftari. RSI unaweza kuichagulia siku 5 hadi 25, hizo ni chaguo 21. Kikomo cha kuingilia, tuseme chaguo 4. Wastani wa OBV, chaguo 10. Zidisha: mapishi 840, na hatujagusa hata muda wa kutoka. Ikiwa hakuna hata moja lenye maana, na kila moja lina nafasi ya asilimia 5 ya kuonekana zuri kwa bahati, tarajia mapishi 42 mazuri. Mwalimu anahitaji kukuonyesha moja.

Ryan Sullivan, Allan Timmermann na Halbert White walilifanyia kazi swali hili mwaka 1999 kwa kanuni 7,846 kwenye takwimu za Dow Jones za karibu miaka mia moja. OBV ilikuwa mojawapo ya makundi matano ya kanuni hizo. Katika kipindi cha zamani, kanuni bora ilibaki imara hata baada ya kuzingatia kwamba imechaguliwa kati ya maelfu, na lazima tuseme hivyo kwa haki. Walipoipeleka kwenye miaka kumi iliyofuata, baada ya 1986, ubora ule haukuonekana tena.

Granville mwenyewe ni funzo. Jioni ya tarehe 6 Januari 1981 aliwatumia wateja wake ujumbe wa kuuza kila kitu. Kesho yake soko la New York lilianguka huku idadi ya hisa zilizouzwa ikivunja rekodi ya siku moja. Akawa nabii. Agosti 1982 soko likaanza kupanda, upandaji uliodumu miaka mitano, naye akawa anaendelea kuwaonya watu wakae mbali. Ile siku moja ya Januari bado inasimuliwa sana. Miezi aliyowanyima watu faida husimuliwa kwa sauti ya chini.

Kilichomuunguza

Nimerudi mara nyingi kwenye maneno ya rafiki yangu, na sehemu inayoniuma si "zilikubaliana". Ni "nikaongeza loti".

Kukosea upande ni kawaida. Hata mtu mwenye ishara ya kweli atakosea mara nyingi. Madhara ya uthibitisho wa uongo yako kwenye ukubwa wa dau. RSI peke yake ingemfanya aweke kidogo. OBV haikumwongezea habari, ilimwongezea ujasiri, na ujasiri ule akauzidisha kwa mkopo wa broka. Kwa mkopo wa 1 kwa 500 uliotumika wote, bei ikienda kinyume kwa asilimia 0.2 tu, mtaji umekwisha. Euro na dola husogea kiasi hicho kwa siku ya kawaida kabisa.

Ukiletewa mchanganyiko wa viashiria, uliza haya kabla ya kutoa hata shilingi. Viashiria hivi vimetengenezwa kwa malighafi gani, na je, kimoja kimeazima alama yake kwa kingine? Voliumu hii imehesabiwa na nani? Mapishi mangapi yalijaribiwa kabla ya hili kuonyeshwa, na limejaribiwa kwenye miaka ambayo aliyelipika hakuiona? Na kwenye soko la sarafu mbili, ishara hii ingetokea mara ngapi? Hilo la mwisho unaweza kulijibu mwenyewe, kwa sarafu mbili na daftari, kwa muda wa mchana mmoja.

Mshikaji wangu alimaliza ule muhula kwa kula mlo mmoja kwa siku na kwa kuazima kwetu. Baadaye nilimwonyesha mchezo wa sarafu. Alirusha, akaandika, akachora RSI, akachora OBV chini yake, akatazama mistari miwili ikipanda pamoja. Kisha akaniuliza, "Sasa kumbe pale nilikuwa na shahidi mmoja tu?"

Nikamwambia ndiyo. Na kwenye chati ile ya euro, hata huyo mmoja hatukuwahi kumuuliza aliyajuaje aliyokuwa anayasema.